Kichwa cha Aloi Chini ya Boriti za Nyumbani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya mwenye ufunguo. Karakana ya mashine za boti ilikuwa mtaani kwetu Langoni, karibu na pwani, mlango wake wa mabati umefungwa kwa kufuli lenye kutu, nami nikasimama nje na mfuko wangu wa spana mpya nikijiuliza kama nikae, nigonge, au nirudi nyumbani nije tena nikiwa nimechelewa kidogo kama watu wengine. Shahada yangu ya uhandisi wa mitambo ilikuwa humo humo mfukoni, ndani ya bahasha, endapo mtu angeiulizia. Hakuna aliyeiulizia. Fundi Mkuu alipofika alinitazama kuanzia viatu hadi buibui, akafungua kufuli, akanikaribisha kwa lafudhi ya kwetu, "Ndoo ndani, mwanangu. Ukisimama hapo watu watadhani tumefiwa."

Nayaandika haya kwa ajili yenu mnaoanza masomo ya mitambo katika chuo cha ufundi, mlioniuliza jinsi ya kuchagua vifaa vya kuchonga kichwa cha injini nyumbani. Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee. Mimi sijafika thelathini. Lakini kazi ya kuajiriwa nimeshaistaafu, na mama yangu huwaambia wageni kwamba binti yake amestaafu kabla ya meno kulegea. Nilijiuliza sana kama nina haki ya kuandika. Mwisho nikaona kwamba nikiungoja uzee nitakuwa nimesahau ukubwa wa tupa nilizotumia, na hilo ndilo mnalolitaka.

Tuanze na jambo lenyewe. Kichwa cha injini, au silinda hedi kama tunavyosema karakanani, ni kile kipande kinachofunika silinda kwa juu. Ndani yake mna njia: moja huingiza hewa iliyochanganyika na petroli, nyingine hutoa moshi, na valvu ndizo milango yake. Kwenye mashine nyingi za boti za siku hizi kichwa hicho ni cha aloi ya alumini, nyepesi, laini kuliko chuma. Nyuma ya kuta za njia hizo hupita maji ya bahari yanayoipoza injini. Yakumbukeni maji hayo. Yote nitakayoyasimulia yamo katika ukuta ule ulio kati ya hewa na maji.

Fundi Mkuu alikuwa mtu mfupi, kofia yake safi sana na vidole vyake vyeusi visivyokubali sabuni. Chini yake nilijifunza kukifungua kichwa, kukikwangua mabaki ya gasketi, ule utando wa kuzibia maungio, bila kukitia mikwaruzo, na kukaza nati kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, ili aloi isijipinde. Nati nilizikaza, kisha nikazipima, kisha nikazipima tena. Siku moja akaja akasimama nyuma yangu.

"Bi Injinia, nati ikikazwa mara tatu huomba talaka."

"Nahakikisha tu, Bwana Fundi."

"Umehakikisha tangu asubuhi. Mwenye boti amekuja, amekwenda kula, amerudi, amekwenda kuswali. Mpe mashine yake naye ahakikishe baharini."

Alinifundisha kitu kimoja ambacho bado nakitumia kila siku. Alinifumbisha macho akanipitishia kidole juu ya uso wa kichwa kilichosafishwa. "Mato yaona mng'ao," alisema. "Kidole chaona kilima." Ila kwenda zaidi ya hapo alikataa. Nilipomwuliza kwa nini tusizichonge zile njia za ndani zikawa pana na laini, kama nilivyosoma chuoni, alicheka mpaka akashika meza. "Kitwa cha mashine hufunguliwa, husafishwa, hufungwa. Hakichongwi. Ukitaka kuchonga nenda kwa babako, yeye ana milango."

Alisema kweli kuhusu baba. Baba yangu ni mchongaji wa milango, na sebule ya nyumba yetu ndiyo karakana yake.

Kutoka hapo nilihamia Kililana, kwenye yadi ya mitambo ya mkandarasi mmoja aliyekuwa akifanya kazi upande wa bandari mpya. Mkubwa wangu huko alikuwa Msimamizi wa Mitambo, mtu wa bara, mrefu, mwenye sauti ya kushinda jenereta. Huko ndiko nilikokutana na vifaa nilivyovijua vitabuni tu. Kulikuwa na kompresa kubwa kama jiko la mama, na kwenye mipira yake tulichomeka grainda nyembamba za hewa, ndefu kama tochi, zinazozunguka kwa kasi ya kutisha. Mdomoni mwa kila moja hufungwa tupa ya kuzunguka, yaani kipande cha chuma kigumu chenye meno, umbo la tende, kwenye shina jembamba.

Kazi yangu ya kwanza kwa grainda ile ilikuwa kusafisha mdomo wa bomba la alumini. Nilichukua tupa ya kwanza niliyoiona, yenye meno madogo yaliyokatana kama kitambaa cha kanzu. Ikakata kidogo, kisha ikaanza kuteleza na kupiga kelele. Nikaizima, nikaitazama: meno yote yamejaa alumini.

"Injinia!" Msimamizi aliita kutoka ng'ambo ya yadi. "Unaongea na hiyo mashine ama unaifanyia kazi?"

"Tupa imejaa, bosi."

"Hiyo ni ya chuma. Ukiipa alumini inameza bila kutafuna. Tafuta yenye meno machache, mapana. Na uipake mafuta ya taa, ama nta ya mshumaa. Kwani huko chuo mlikuwa mnakata nini, keki?"

Nikatafuta yenye meno mapana, nikaipaka nta, na chenga za alumini zikaanza kuruka safi kama makapi ya mti wa baba. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza kwenu: tupa za alumini na tupa za chuma hazilali sanduku moja.

Msimamizi hakupenda kufikiri kwangu. Aliniambia kwamba mtu anayefikiri akiwa na grainda mkononi ni sawa na dereva anayesali amefumba macho. Lakini mkataba ulipokwisha, na wengi wetu tukarudishwa makwetu kwa sababu kazi ya awamu ile ilikuwa imekamilika, alinipa tupa moja yenye meno mapana na shina refu. "Hii inafika pale zingine haziwezi," alisema. "Usiiweke kwa fremu kama cheti."

Nikarudi Langoni. Nikakaa nyumbani nikituma maombi ya kazi na kuyahariri mpaka muda wake ukapita. Ndipo Mjomba Shee, kaka yake mama, alipokuja na habari ya boti yake.

Mjomba Shee amekuwa akipeleka watu na mizigo Kiunga tangu mimi sijazaliwa: walimu wanaorudi shule zikifunguliwa, magunia ya unga, dawa za zahanati. Kichwa cha mashine yake kilikuwa kimeliwa na chumvi upande wa moshi hata hakifai. Alinunua kingine Mombasa, kipya, cha kuiga, kwa kuwa cha asili hakikupatikana. Kikafungwa. Mashine ikawaka vizuri, ikanguruma vizuri, lakini boti ikitiwa mzigo haikuweza kupanda juu ya maji. Ilikwenda imezama tumbo, pua juu, kama punda aliyekataa. Ndani ya mikondo unaweza kusafiri hivyo. Lakini njia ya Kiunga hutokea bahari kuu, na kwenye mlango wa mwamba, lile pengo la kutokea nje, mawimbi hayamsubiri mwenye mashine dhaifu. Mara ya mwisho wimbi liliingia kwa nyuma likawalowesha walimu mpaka kifuani. Mwalimu mmoja alikuwa amebeba mtoto mchanga.

"Mwenye hoteli mmoja ataka kuinunua," Mjomba alisema, bila kuigusa kahawa aliyowekewa. "Aiweke mbele ya hoteli yake, apande maua. Mkishindwa, namwuzia. Mimi nitakwenda Kililana nikalinde geti."

Fundi Mkuu alikuwa ameshaitazama, na hakupata kosa: kabureta safi, panga la kusukumia maji sawa, mgandamizo mzuri. Mimi nilikifungua kichwa nikafumba macho, nikatia kidole katika njia ya hewa. Kulikuwa na kilima. Pale njia inapokutana na bomba la kuingizia hewa kulikuwa na kizingiti kizima, na ndani zaidi ukuta ulikuwa na chenga zilizobaki kilipomiminwa kwenye kalibu, kama gamba la chaza. Njia ilikuwa nyembamba kuliko tundu la gasketi. Hewa ilikuwa ikijikwaa mlangoni na kubanwa ukumbini.

"Kinaweza kuchongwa, Mjomba," nikasema.

"Fundi amekataa."

"Nitakichonga mimi. Hapa nyumbani."

"Kichwa ni kimoja, Rukia. Cha pili sina na sitakuwa nacho. Ukikitoboa, boti imekwenda."

"Najua."

Usiku ule na siku zilizofuata niliwaza vifaa. Nawaeleza nilivyowaza, kwa sababu kuchagua ndiyo nusu ya kazi, na wengi huanza kwa kununua.

Nilianza na kompresa na grainda ya hewa, kwa kuwa ndiyo niliyoijua. Nikaazima kompresa ndogo. Grainda ya hewa ina njaa. Ilimaliza pumzi ya kompresa ile kabla sijakata chochote, nikawa nangoja tangi lijae, nakata kidogo, nangoja tena. Kelele zake zilipita ukuta wa mawe hadi kwa jirani yetu Bi Zainabu, aliyepanda ngazi zetu na upawa mkononi. "Rukia, mwanangu, hiyo ngurumo ndiyo mliyokwenda kusomea Nairobi? Mjukuu wangu ameamka mara nne, na kila mara anataka kwenda kuona ndege." Kompresa ikarudi kwa mwenyewe.

Drili ya kawaida nayo niliiweka kando. Inazunguka polepole mno kwa tupa, na beringi zake zimetengenezwa kusukumwa mbele, si kubanwa ubavuni. Grainda ya diski haiingii hata kidole katika njia. Kile kimashine kidogo cha mkononi, kinachouzwa na sanduku lenye vipande mia, ni kizuri kwa mng'ao lakini huchemka haraka, na mashina ya tupa zake ni mafupi, huishia mlangoni.

Iliyobaki ilikuwa grainda ya umeme iliyonyooka, yenye kidude cha kupunguza kasi. Nasisitiza kidude hicho. Bila cha kupunguza kasi, tupa kubwa kwenye shina refu hutetemeka hata ikalipinda shina. Nilipata moja kwa fundi wa madirisha. Ingefaa kuondoa nyama nyingi pale mlangoni. Lakini ina tabia moja iliyoninyima usingizi: ukiizima, huendelea kuzunguka kwa muda kabla ya kutulia. Mlangoni si neno. Ndani, karibu na ule ukuta wa maji, muda huo ni mrefu mno.

Hapo nikakumbuka masonara wetu. Wao hutumia mota ndogo ya kuning'iniza, yenye shafti laini inayopindika kama mkonga, na kanyagio la mguu. Ukikanyaga inazunguka, ukikaza mguu inaongeza, ukiinua mguu inasimama. Mzee mmoja aliyeacha usonara kwa sababu ya macho alikubali kuniachia yake. Kazi yake ni ya polepole, lakini mimi haraka sikuwa nayo.

Mota ile inataka kuning'inia. Katika boriti za sebule yetu kuna kulabu ya zamani, ndiyo iliyokuwa ikishika bembea ya watoto. Sote tumelazwa pale. Nikaitundika mota kwenye kulabu ile, na mama akapita, akatazama juu, akasema, "Huyu naye atalia usiku?"

Mahali pa kushikia kichwa sikuhitaji kununua. Baba huchonga amekaa chini, ubao umelala juu ya ubao mwingine wenye vigingi, na umekazwa kwa kabari za mti. Kabari hazikwaruzi. Nilikifunga kichwa changu hivyo hivyo, nikakaa kwenye mkeka alipokaa yeye siku zote, viwiko juu ya magoti. Mikono haitetemeki ukikaa hivyo. Jiliwa, yaani vaisi ya chuma, ingeuacha uso wa kichwa na alama za meno.

Nikaweka valvu za zamani katika viti vyake ili tupa ikiteleza iume valvu mbovu, isiume kiti kizuri. Nikapaka uso wa kichwa wino wa buluu, nikalaza gasketi juu yake, nikachora kwa sindano mstari kufuata tundu lake. Miwani, barakoa, kanga ya zamani kichwani. Kila kitu kilikuwa tayari, na sikuanza.

Sikuanza kwa sababu sikujua unene wa ukuta. Kitabu hakisemi unene wa ukuta wa kichwa cha kuiga. Njia pekee ya kuona ndani ya kichwa ni kukikata, na cha kukata nilikuwa sina. Au nilikuwa nacho. Nilimwuliza Mjomba kile kibovu kilichoondolewa amekiweka wapi.

"Kipo kazini," alisema.

Hapa kwetu mashine haitupwi, hupewa kazi nyingine. Kile kichwa cha zamani Mjomba alikuwa amekifunga kamba na kukizamisha, ndicho kilichoshika boti yake ilipolala majini.

"Nakitaka, Mjomba. Nataka kukikata kwa msumeno."

"Unataka kuikata nanga yangu?"

"Ni kichwa cha injini."

"Kilikuwa kitwa. Sasa ni nanga, nzuri, yakamata mtanga. Wewe boti hujaitengeneza, waanza kwa kuifungua iende na maji!"

"Nikikikata hiki nitajua wapi nisiguse kile. Nisipokikata nitakuwa nabahatisha, na umesema kichwa ni kimoja."

Alinung'unika hadi pwani, lakini alikivuta mwenyewe. Kilitoka na chaza na kaa mmoja mwenye hasira. Nilikipasua kwa msumeno wa chuma, kwa mkono, kupitia katikati ya njia ya hewa, na nilitumia meno mengi ya msumeno. Zilipoachana nusu mbili nilizipeleka dirishani.

Njia ya hewa haikunyooka. Huingia, kisha hupinda ghafla kushuka kwenye valvu. Mlangoni ukuta ulikuwa mnene kama kidole. Upande wa nje wa kona, wa kutosha. Lakini upande wa ndani wa kona, pale hewa inapogeuka, ukuta ulikuwa mwembamba kama ganda la yai, na nyuma yake moja kwa moja shimo la maji.

Bado sikutosheka. Kile kilikuwa cha asili, hiki ni cha kuiga. Je, wameiga hata kuta? Nikachukua mbavu mbili za mwavuli uliovunjika, nikazifunga katikati kama mkasi, ncha zikakunjwa kutazamana. Ncha moja huingia tundu la maji, nyingine njia ya hewa, na mwanya unaobaki nje hukuonyesha unene usioweza kuuona. Nikapima kila mahali ilipofika. Mlangoni kilikuwa kinene zaidi ya cha asili. Kwenye kona ya ndani walikuwa wameiga vizuri mno.

Nikachukua rangi nyekundu ya kucha ya dada yangu, isiyotoka kwa mafuta ya taa, nikaipaka kona ile yote. Hapo tupa haiingii. Kisha nikasema bismillahi, nikakanyaga.

Kazi ilikwenda siku kwa siku, baada ya alasiri, watoto wa jirani wakiwa macho. Mlangoni nilitumia grainda iliyonyooka na tupa ya meno mapana, nikisogea bila kutua, kwa maana tupa ikitua mahali huchimba shimo. Nilikata mpaka karibu na mstari, nikauacha mstari wenyewe. Hilo nilijifunza kwa baba, ambaye hajawahi kuufuta mstari kwa patasi, huumaliza kwa msasa. Ndani nilihamia mota ya kuning'inia na ile tupa ya shina refu ya Msimamizi. Kila mara nilisimama kuchovya nta na kutia kidole.

Baba alikuwa akitazama. Alivumilia hadi nilipofika kwenye kona, kisha akapiga magoti kando yangu na tochi.

"Rukia, kona hii ya ndani umeiacha nene. Ua halina kina hapa."

"Si ua, baba. Hewa inapita."

"Hata hewa yataka kona iliyochimbwa. Ndani ya kona ndiko panapochimbwa zaidi, ndiko kivuli kinakokaa. Nimechonga kabla ya mamako kunijua."

"Nyuma ya hapo kuna maji, baba."

"Nyuma ya milango yangu kuna mvua, na haijaingia."

Sikutaka kumbishia. Nyumbani kwetu mtu hambishii baba akiwa amepiga magoti juu ya kazi. Lakini nilikuwa nimeikata nanga ya mjomba wangu ili nilijue jambo hili moja. Nikaifuata ile nusu dirishani, nikaiweka kiganjani mwake, nikamshika kidole gumba na cha shahada nikavibana pande mbili za ukuta ule mwembamba.

Alibana. Aliachia, akabana tena.

"Subhanallah," alisema. "Na mimi ningepachimba." Akainuka, akapangusa magoti, na kabla ya kutoka akageuka. "Lakini wekundu huo ni mbaya. Ungepaka hina."

Kesho yake tupa iliruka. Nilikuwa nafuata upande wa nje wa kona, ikashika ukingo wa kibomba kinachoongoza shina la valvu, ikarukia upande wa pili, moja kwa moja juu ya wekundu. Mguu uliinuka wenyewe kabla sijafikiri. Pengine ndilo jambo la pekee maishani nililolifanya kabla ya kufikiri. Mota ikasimama kama iliyokatwa. Kisha nikamulika tochi. Rangi ya kucha ilikuwa na mkwaruzo mmoja, na chini ya mkwaruzo bado palikuwa na wekundu. Grainda ile kubwa ingekuwa bado inazunguka.

Nilikwenda kunywa maji, nikarudi, nikakanyaga tena.

Nilimaliza kwa msasa wa kuviringisha, ambao hufungwa kwenye shina na kuzunguka kama tupa. Njia ya moshi niliing'arisha mpaka nikajiona, maana masizi hayapendi kushika ukuta laini. Njia ya hewa niliiacha na mikwaruzo midogo ya msasa mnene, kwa sababu petroli hujikusanya matone kwenye ukuta unaong'aa kama kioo. Baba aliumia. Katika nyumba yetu hakuna kitu kinachotoka bila kung'arishwa. Nilimwambia hakuna mgeni atakayeiona. Nikajaza maji kila njia kwa bomba la sindano, nikarekebisha mpaka zote zikanywa sawa. Kisha nikaziba kwa mpira matundu ya maji ya upande wa chini, nikayajaza, nikakiacha kichwa kilale, na asubuhi nikapitisha karatasi ya chooni katika kila njia. Kavu. Nikapitisha tena. Kavu. Nikakiosha kwa sabuni na maji ya moto kwa brashi ya chupa ya mtoto, kwani chenga moja ya alumini ikibaki humo itakula silinda.

Fundi Mkuu, ambaye wakati huo alikuwa ameiacha karakana na kazi yake ilikuwa kukaa barazani, alikuja kukiona. Alifumba macho, akatia kidole, akakizungusha kwa muda mrefu.

"Kilima hakuna," alisema. "Lakini nati nitakaza mimi. Ukikaza wewe tutakesha."

Siku ya kwenda Kiunga shule zilikuwa zinafunguliwa. Boti ilijaa walimu, magunia ya unga, na yule mwalimu mwenye mtoto mchanga, ambaye alisita sana kupanda, kisha akapanda. Nami nikapanda. Nilikuwa nimeamua kwamba ikishindwa, ishindwe nikiwa ndani. Tulitoka kwenye maji ya utulivu, na mlango wa mwamba ukaonekana, mstari mweupe mbele yetu. Mjomba akaongeza moto. Pua ikainuka, na ikabaki juu, na ikabaki, nikahesabu pumzi zangu. Kisha mashine ikabadilisha sauti, tumbo la boti likajitoa majini, pua ikashuka ikakaa sawa. Tulikuwa tunakwenda juu ya maji. Wimbi la mlangoni lilichelewa kutukuta. Lilipasukia nyuma yetu.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu alikuwa anamnyonyesha mtoto. Mjomba aliigonga mashine mara moja kwa kiganja, kama mtu anayemgonga punda shingoni, akanipigia kelele kupita upepo: "Rukia! Tukifika unikumbushe nimpigie yule wa hoteli. Atafute boti nyengine, maua hayapandwi ndani ya boti inayokwenda."

Tangu siku ile sijatuma ombi la kazi. Watu huniletea vichwa vyao, vya boti na vya pikipiki za Mokowe, nami huvichonga chini ya boriti zetu, baba upande mmoja wa mkeka na mimi upande wa pili. Bado nawaza kupita kiasi. Sidhani kama nitapona, na sidhani kama kazi hii inamtaka mtu aliyepona. Inataka mtu anayewaza mpaka mwisho, kisha anakanyaga.

Kwa hiyo mkija, msianze kwa kuniuliza grainda gani mnunue. Nileteeni kwanza kichwa kibovu cha aina ile ile, na msumeno. Nimebaki na nusu ya kile cha Mjomba mezani, na kila anayetaka kujifunza huanza kwa kuubana ukuta ule kwa vidole viwili. Nusu ya pili Mjomba aliichukua akairudisha majini kuishika boti. Kila wiki hunipigia simu kulalamika kwamba nanga imekuwa nyepesi, boti yatembea usiku, na anaitaka ile nusu niliyobaki nayo.

"Tafuta jiwe, Mjomba," namwambia. "Hii haitoki hapa."